MGENI NA JEMBE: UNDUGU WA MIJI NA HISTORIA YA KILIMO KATIKA NJIA YA ZAMANI YA MISAFARA

Mada iliyotolewa Goweko mbele ya Usharika na wageni wa Dayosisi



Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo hutajwa kwa mzaha pale mgeni anapokawia kuaga. Hata hivyo, ndani yake mna fundisho zito. Mgeni aliyepewa jembe amekwisha kuingizwa katika nyumba. Anajua shamba liko wapi, anajua mvua imechelewa kiasi gani, na akila anajua anakula nini. Mgeni anayeketi barazani na kuhudumiwa kila siku hubaki kuwa mgeni hata akikaa mwaka mzima. Tena liko jambo la kuhuzunisha zaidi: mwenyeji ambaye kila siku huletewa chakula na mgeni wake, huyo amegeuka kuwa mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Miaka mia moja ya usharika ni wakati wa kuhesabu. Huhesabiwa waliobatizwa, majengo yaliyojengwa, na wachungaji waliotumika. Mada hii inaelekeza macho kwenye hesabu nyingine, yaani mashamba, na urafiki uliozaliwa au ulioshindwa kuzaliwa kwa sababu ya mashamba hayo. Swali lake ni moja: mahali kama Goweko panapotafuta rafiki wa mbali, awe mji, usharika au dayosisi, paanzie wapi?

Njia na waliowalisha wapitao

Goweko inajulikana kwa wengi kwa kituo chake cha Reli ya Kati, upande wa mashariki ya Tabora, katika Wilaya ya Uyui. Reli hiyo ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Lakini wajenzi wa reli hawakubuni mwelekeo mpya. Kwa sehemu kubwa waliufuata mwendo wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, na kutoka huko hadi Ujiji. Msafara wa pwani ulipita Ugogo, ukaivuka nyika yenye kiu iliyoitwa Mgunda Mkali, kisha ukatokea Tura, mlango wa mashariki wa Unyamwezi. Burton na Speke walipita njia hiyo mwaka 1857. Stanley aliipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, naye Livingstone aliondoka Kwihara mwezi Agosti mwaka 1872 kwa safari ambayo hakurudi akiwa hai.

Majina ya wasafiri hao yamo vitabuni. Majina ya waliowalisha hayamo. Msafara wa mamia ya watu, kila mpagazi akiwa na mzigo wa kilo 30 hivi, haungeweza kubeba chakula cha miezi mitatu. Kila kambi ilitegemea kijiji kilichokuwa karibu, na kila kijiji kilitegemea mikono ya wakulima, walio wengi wao wanawake. Mtama, uwele, mahindi, kunde, karanga na viazi vitamu vilivyouzwa kando ya njia ndivyo vilivyoibeba biashara yote ya bara. Pembe ya ndovu haikutembea yenyewe hadi pwani. Ilitembea juu ya bega la mtu aliyekula ugali wa mtama wa Unyamwezi.

Malipo ya chakula hicho mara nyingi yalikuwa nguo, iliyopimwa kwa mikono na kwa doti. Nguo iliyopendwa kuliko zote iliitwa merikani, na jina lake linasimulia habari zake. Ilifumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani, kwa pamba iliyolimwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya nchi hiyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipotokea huko kati ya mwaka 1861 na 1865, merikani iliadimika hata Afrika Mashariki, na nguo kutoka kwingine zikachukua nafasi yake. Hivyo mama wa Tura aliyeuza kibaba cha mtama akapewa kipande cha merikani alikuwa ameunganishwa na mkulima wa ng'ambo ya bahari mbili. Hakumjua, wala yule hakumjua yeye. Mmoja wao alikuwa katika minyororo, na katika njia hii hii ya Tabora walipitishwa wengine waliofungwa minyororo, wakielekea Bagamoyo na Zanzibar. Wengine walibakizwa Tabora kulima mashamba ya wafanyabiashara.

Kwa hiyo si kweli kwamba uhusiano wa mbali ulifika Unyamwezi pamoja na simu na ndege. Ulikuwapo kabla ya reli. Kilichokosekana ni kujuana na haki, na hayo mawili hayaletwi na urefu wa njia.

Undugu uliotengenezwa na wenyeji

Walakini, watu wa njia hiyo hawakukubali kwamba biashara pekee itawale. Walitengeneza namna zao za kumfanya mgeni awe ndugu. Namna ya kwanza ni utani. Wanyamwezi waliopita nchi za watu kila mwaka walifungamana kwa utani na Wazaramo na makabila mengine ya njiani, na utani huo unaishi hata leo. Mtani huchekeshwa na kutukanwa bila kukasirika, lakini siku ya msiba mtani ndiye wa kwanza kufika na kushika kazi. Kwa mpagazi aliyeugua mbali na kwao, utani ulikuwa bima ya afya, hoteli na kaburi la heshima.

Namna ya pili ni undugu wa kuchanjiana. Mwezi Aprili mwaka 1876 Mtemi Mirambo wa Urambo na Stanley walikula undugu kwa damu. Stanley alikuwa amepigana upande wa maadui wa Mirambo mwaka 1871; miaka 5 baadaye aliketi naye kama ndugu. Inafaa kukumbuka kwamba Mirambo ndiye aliyekuwa na nchi, jeshi na chakula, na mgeni ndiye aliyehitaji kupita. Mapatano yale yalifanywa kwa desturi ya mwenyeji.

Namna ya tatu ni jembe lenyewe. Majembe ya chuma yaliyofuliwa na wahunzi wa Unyamwezi na nchi jirani yaliuzwa mbali, yakatumika kama fedha, yakatolewa kuwa mahari. Jembe lilifungua shamba, likafungua pia ujamaa kati ya koo mbili. Katika lugha ya mahali hapa, kilimo na undugu havikuwa vitu viwili.

Miji iliyoshikana mikono

Neno la siku hizi ni miji dada, au miji rafiki. Desturi hiyo ilipata nguvu baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1950 mji wa Ludwigsburg wa Ujerumani na mji wa Montbéliard wa Ufaransa, nchi zilizokuwa zimetoka kupigana, zilianza uhusiano ili wananchi wao wajuane majina badala ya kujuana kwa bunduki. Mwaka 1956 Rais Eisenhower wa Marekani alihimiza miji ya nchi yake kufanya vivyo hivyo na miji ya dunia nzima.

Jirani wa kaskazini wa Tabora, mji wa Mwanza, aliingia katika undugu huo mapema. Tangu mwaka 1966 Mwanza ni rafiki wa Würzburg nchini Ujerumani, na tangu mwaka 1988 ni rafiki wa Tampere nchini Finland. Kwa mtazamo wa kwanza Mwanza na Tampere hazifanani kwa lolote isipokuwa maziwa na mawe. Wakati mkulima wa Usukuma anapopalilia pamba, Tampere iko chini ya theluji. Lakini pamba hiyo hiyo ndiyo iliyoijenga miji yote miwili. Mwaka 1820 Mskoti James Finlayson alianzisha Tampere karakana iliyokua ikawa kiwanda kikubwa cha pamba, na mwaka 1882 kiwanda hicho kilikuwa miongoni mwa vya kwanza katika nchi za kaskazini ya Ulaya kuwashiwa taa za umeme. Finland haioti hata mche mmoja wa pamba. Kila jora lililofumwa pale lilitokana na jasho la mkulima wa nchi ya mbali.

Upande wa Mwanza, wakulima wa pamba walichoka kupunjwa kwenye mizani, wakaunda vyama vyao, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Baada ya uhuru Mwanza nayo ilipata kiwanda chake cha nguo, Mwatex. Kisha miji yote miwili ikaonja uchungu mmoja: katika miaka ya 1990 ufumaji ulikoma katika majengo ya Finlayson mjini Tampere, na Mwatex nayo ikaanguka. Mji unaojua maana ya mashine kunyamaza unaweza kuzungumza na mwenzake kama mjane anavyozungumza na mjane. Katika ushirikiano wa Mwanza na Tampere yamefanyika mengi, hasa katika utunzaji wa mazingira ya mji. Lakini msingi wa kuelewana upo chini zaidi ya miradi, nao ni kumbukumbu ya kazi.

Bega kwa bega

Kwa Walutheri wa Tanzania mfano ulio karibu zaidi ni wa Iringa. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililoundwa mwaka 1963 kwa muungano wa makanisa 7, limekuwa na marafiki wengi ng'ambo. Mwaka 1987 Dayosisi ya Iringa na Sinodi ya Saint Paul katika jimbo la Minnesota, Marekani, zilianza uhusiano uliopewa jina la Kiswahili: Bega Kwa Bega. Sharika za huku ziliunganishwa na sharika za kule, moja kwa moja. Watu wakatembeleana na kuombeana, na wanafunzi wengi wakapata ada ya shule.

Nyanda za Iringa ni nchi ya mahindi, na Minnesota vilevile ni nchi ya mahindi. Mkulima wa Iringa hupanda mvua zinapoanza kuelekea mwisho wa mwaka, wakati mwenzake amekwisha kuvuna na ardhi yake inaganda kwa baridi. Mkulima wa Minnesota anapopanda mwezi Mei, yule wa Iringa anangoja mahindi yake yakauke shambani. Kwa hiyo sala ya kuombea mbegu na sala ya kushukuru mavuno hupishana mwaka mzima. Zaidi ya hapo, Walutheri wengi wa Minnesota ni wajukuu wa wakulima waliohama kutoka Sweden, Norway na Ujerumani, wakafika wakiwa maskini. Nao pia walipunjwa na wanunuzi, nao pia walijibu kwa kuunda ushirika. Chama cha wafugaji wa maziwa kilichoundwa Minnesota mwaka 1921, ambacho baadaye kiliitwa Land O'Lakes, kilikuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya wakulima nchini Marekani. Hapa Tanzania wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Vyama vikuu vya ushirika vya nchi vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mkulima wa kule na mkulima wa huku wana mengi ya kuulizana kuhusu mizani, bei, viongozi waaminifu na viongozi wasio waaminifu.

Jina la Bega Kwa Bega lenyewe ni hukumu. Watu wawili hawawezi kusimama bega kwa bega ikiwa mmoja amepiga magoti.

Onyo la Urambo

Ingekuwa si haki kusifu ushirikiano bila kutaja ulioshindwa, na mfano wake uko katika mkoa huu huu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yake ilianza mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika: Kongwa, Nachingwea na Urambo. Ekari zaidi ya milioni 3 zilikusudiwa kufyekwa. Matrekta yaliletwa, mengine yakiwa yamebaki kutoka vitani. Visiki vya nyika vikavunja majembe ya chuma. Udongo wa Kongwa ukawa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi. Mvua haikufuata ratiba ya ofisini. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, baada ya kupotea kwa pauni zipatazo milioni 36.

Karanga haikuwa mgeni katika Unyamwezi. Akina mama walikuwa wakiilima na kuwauzia wapagazi kabla trekta halijazaliwa. Walijua ipandwe lini, katika udongo gani, na pamoja na zao gani. Fedha zilikuwapo, mashine zilikuwapo, na wataalamu walikuwapo, lakini mwenyeji hakuulizwa. Mgeni alikuja na jembe lake kubwa, akalima peke yake, akashindwa peke yake, akaondoka. Nchini Urambo kilichofuata katika miaka ya 1950 ni tumbaku, na tumbaku imebaki kuwa zao la fedha la mkoa hadi leo.

Goweko iweke nini mezani?

Hapa ndipo penye uzito wa mada. Mara nyingi barua ya kwanza kwa rafiki wa ng'ambo huwa orodha ya mahitaji: mabati, kinanda, pikipiki, kisima. Mahitaji hayo ni ya kweli, na hakuna aibu katika kuyataja. Lakini barua ya kwanza ndiyo huweka sura ya uhusiano. Rafiki aliyejulishwa mahitaji pekee hujua umaskini wa mwenzake, wala hajui kazi yake. Siku mfuko wake ukitoboka, hana tena sababu ya kuandika. Hapo ndipo sharika nyingi hujikuta zimeachwa, zikiwa na picha za wageni ukutani na majengo ambayo hayajapauliwa.

Barua ya kwanza yaweza kuwa kalenda ya shamba. Ieleze kwamba katika nchi ya Tabora mvua huanza Novemba na kwisha Aprili. Kwamba Januari na Februari maghala huwa matupu na palizi huwa nzito. Kwamba miyombo na mininga huwapa nyuki maua, na asali ya Tabora husifiwa nchi nzima. Ieleze pia ugumu bila kuficha. Tumbaku huleta fedha, lakini majani yake hukaushwa kwa kuni katika mabani, na kila bani hula msitu ule ule unaolisha nyuki. Mizinga ya magome nayo huua mti unaochunwa. Mkulima anayelima tumbaku na kurina asali hushindana na yeye mwenyewe. Hilo ni suala ambalo mkulima wa nchi yoyote iliyowahi kumaliza misitu yake analielewa, na anaweza kulijibu kwa uzoefu wake.

Tabora ina chuo cha mafunzo ya ufugaji nyuki. Hivyo katika jambo hili mgeni anaweza kuja kujifunza, na mwenyeji akawa mwalimu. Uhusiano ambao pande zote mbili zimewahi kukaa kwenye dawati la mwanafunzi hauvunjiki kwa urahisi.

Kabla ya kutia sahihi mkataba wowote wa urafiki, wazee wa usharika wanaweza kupima kwa maswali matatu. La kwanza: je, kila upande unajua mwenzake analima nini, au anafanya kazi gani ya mikono? La pili: je, hesabu ya fedha iliyotumwa husomwa hadharani katika pande zote mbili, kama mizani ya ushirika inavyopaswa kusomwa mbele ya mkulima? La tatu: je, msaada ukikoma kesho, kuna kitu kitakachobaki cha kuandikiana? Jibu la swali la tatu likiwa ni hapana, basi kilichopo ni ufadhili. Ufadhili unaweza kuwa mwema, lakini usiitwe undugu.

Vijana wanahusika kuliko wote. Kijana wa Goweko huitazama treni ikipita, na mara nyingi huiona njia kama kitu cha kuondokea tu. Akijua kwamba mtama wa bibi zake uliilisha njia nzima ya bara, na kwamba mkulima mwenzake wa mbali anataka kusikia jinsi mzinga unavyotundikwa, huenda akaliona shamba kwa jicho jingine. Hata akisafiri, atakuwa na jambo la kumweleza mwenyeji wake.

Miaka mia ijayo italeta wageni wengine katika njia hii. Wapokewe kwa nyimbo, wapewe maji na mahali pa kulala, wapewe ugali na asali. Siku mbili zipite kwa heshima zote. Siku ya tatu, kabla ya jua kuwa kali, wapelekwe shambani.